Kitenzi Bado Hakijaja

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mliojaza ukumbi huu jioni ya Jumamosi ilhali wenzenu wako ufukweni Dunga wanatafuna samaki: hamjambo? Amosou uduto. Na ninyi mliopanda matatu kutoka Kakamega na Mbale, mulembe.

Nimepewa dakika 30 na sehemu mbili za mtihani wa Kijerumani wa C1, ngazi ya tano kati ya sita za kuijua lugha. Sehemu hizo ni kusikiliza na kuandika. Kusoma na kuzungumza mtaelezwa na wengine. Afadhali, maana hizi mbili ndizo zilizonitoa jasho mimi mwenyewe. Baadhi yenu mnanijua kama mwalimu wa Kiswahili. Nilifundisha insha na ufupisho katika sekondari za huku kwetu miaka mingi kabla sijashika kitabu cha Kijerumani, na nilikishika nikiwa na umri wa miaka 38, mama wa watoto watatu. Kwa hiyo leo asije mtu hapa mbele kuniambia kichwa chake kimekwisha kuwa kigumu.

Kabla ya yote, nina swali. Una hakika unaihitaji C1? Tangu Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia saini kule Berlin mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi, kila ukipinda kona mjini unakuta bango la darasa la Kijerumani, na chini ya bango kuna wakala. Wapo wanaomwambia kila mtu alipie C1. Muuguzi kwa kawaida huombwa B2, ngazi moja chini yake, ili cheti chake kitambuliwe. C1 ni ya anayekwenda kusoma chuo kikuu kwa Kijerumani, au mwenye kazi inayoidai waziwazi. Ukiwa muuguzi na B2 yako imetimia, nenda kaongeze Kijerumani cha wodini, cha kupokezana zamu na kujaza faili la mgonjwa. Pesa zako za C1 mnunulie mama mabati.

Mliobaki, tuendelee.

Mitihani iko mingi. Wa TestDaF na wa DSH ni wa wanaoelekea chuo kikuu. Katika DSH husomewa mhadhara mara mbili, nawe unaandika madokezo. Mimi nitashikilia ule wa Taasisi ya Goethe, ambao wengi wenu mmejiandikishia. Tangu Januari 2024 C1 yake imegawanywa moduli nne, kila moja ina alama 100, na kupita ni 60. Ukianguka moja unairudia hiyo moja, huanzi upya. Kusikiliza ni kama dakika 40. Kuandika ni dakika 75, kazi mbili: mchango wako katika mjadala, maneno yapatayo 230, kisha ujumbe rasmi wa maneno yapatayo 120. Hayo yote mtayakuta kwenye karatasi za mfano, na karatasi hizo ni bure. Asiwauzie mtu.

Sasa niwaambie nilivyoanguka.

Nilipanda basi la usiku kwenda Nairobi, nikanywa chai Nakuru saa nane za usiku, nikafika alfajiri shingo imepinda, nikaoga kwa jamaa na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na silipambi: sikio lililokesha ni kiziwi. La pili lilikuwa zito zaidi. Mahali nilipokuwa nikisomea, ambapo sitapataja, tulifundishwa ujanja mmoja: soma maswali haraka, zungushia duara neno kuu, kisha tega sikio neno hilo litajwe. Likitajwa, jibu ndilo hilo. Nikakaa pale kama mvuvi, nasubiri neno langu. Likatajwa! Nikaweka alama kwa furaha. Likatajwa lingine, nikaweka. Matokeo yalipokuja nilikuwa na 54.

Ilinichukua muda kuelewa. Anayetunga mtihani wa kiwango hiki anaujua ujanja huo kuliko aliyetufundisha. Neno unalolisikia kwenye rekodi analiweka makusudi katika jibu lisilo sahihi, na jibu sahihi analivika nguo nyingine. Msemaji akisema kodi za nyumba ziko juu mno, jibu sahihi litazungumzia watu wa kipato cha chini kushindwa kupata makazi, na lile lenye neno "kodi" ni ndoano. Samaki alikuwa mimi.

Lakini hata bila ndoano hizo ningeanguka, kwa sababu sikio langu lilikuwa la Kiswahili. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Sikilizeni sentensi hii: "Der Stadtrat hat den Plan, die Innenstadt für Autos zu sperren, nach langer Diskussion abgelehnt." Baraza la mji limefanya jambo fulani juu ya mpango wa kuzuia magari katikati ya mji, baada ya majadiliano marefu. Limefanya nini? Hujui. Linaweza kuwa limeupitisha, limeuahirisha, limeurekebisha. Unajua kwenye neno la mwisho kabisa: "abgelehnt", limeukataa. Sasa semeni kwa Kiswahili: "Baraza halikuukubali mpango wa..." Tazameni hilo neno "halikuukubali". "Ha" inakanusha. "Li" ni baraza. "Ku" ni wakati uliopita. "U" ni mpango wenyewe. Nani, lini, nini, ndiyo au hapana, vyote vimefungwa katika neno moja, na neno hilo limekuja mapema. Baada ya hapo Mswahili anaweza hata kupiga mwayo, yanayofuata ni maelezo tu. Ndivyo tulivyolelewa: sikio letu hukaa macho mpaka kwenye kitenzi, likishakipata linapumzika.

Ukienda na sikio hilo kwenye Kijerumani, unasinzia mahali ambapo Mjerumani anaanza kusema. Nilipokuja kulijua hili, nilijiwekea sheria ya kijinga kidogo: sishushi pumzi mpaka kitenzi kije. Kwa kweli nilikuwa nikizuia pumzi. Mume wangu alidhani nimeugua pumu.

Kuna maneno ya kutahadharisha pia. Ukisikia "zwar", yaani "ni kweli kwamba", jua "aber", yaani "lakini", iko njiani, na maoni ya kweli ya msemaji yako baada ya "aber". Ukisikia mtu anasemwa kwa "soll", kama "er soll das Geld genommen haben", usiandike kwamba alichukua pesa. Hiyo ni "eti" yetu: eti alichukua pesa, msemaji hajajifunga. Na "er will davon nichts gewusst haben" maana yake ni kwamba anadai hakujua lolote, na kuna harufu ya kutoaminiwa hapo. Maswali ya C1 yanapenda sana harufu hizo. Hawaulizi treni inaondoka saa ngapi, wanauliza msemaji ana msimamo gani.

Irabu nazo. Kiswahili kina tano, safi, kila moja na kiti chake. Kijerumani kinakuletea ü na ö, na juu ya irabu hizo yananing'inia mambo makubwa. "Fordern" ni kudai. "Fördern" ni kufadhili, kuendeleza. Chama kinachodai baiskeli na chama kinachofadhili baiskeli si chama kimoja! "Wurde" ni jambo lililofanywa, "würde" ni jambo ambalo lingefanywa. Swali langu moja liliangukia hapo hapo kwenye fordern. Nawaambia Wajaluo waliomo humu: ninyi mna bahati msiyoijua. Kijaluo huandikwa kwa irabu tano, lakini kinywani ziko zaidi, na mtoto wa Nyakach anazitofautisha kabla hajaota meno yote. Sikio lenu tayari linajua kwamba irabu inaweza kubadilika kidogo tu na neno likawa lingine. Lipeleke sikio hilo kwenye Kijerumani, usiende na lile la Kiswahili cha shuleni.

Tarakimu zinatisha watu bure. Mjerumani hutanguliza mamoja: "siebenunddreißig", saba na thelathini, ndiyo 37. Ukiandika mbio unapata 73. Wazee wa pwani walihesabu hivyo hivyo, wakisema "hamsa wa ishirini", tano na ishirini, na hakuna aliyekufa. Saa ndiyo rahisi kabisa. "Halb acht" si saa mbili na nusu ya asubuhi, ni saa moja na nusu. Mtu aliyezoea kutazama saba kwenye saa akasema "saa moja" hawezi kushindwa na hesabu hiyo.

Sasa, unalifundishaje sikio? Watu wengi hufungulia podikasti ya Kijerumani wakaosha vyombo. Si dhambi, lakini usijidanganye kwamba unasoma. Mimi nilifanya mambo mawili.

La kwanza nililipata kwa baba yangu. Baba alikuwa msikilizaji wa Sauti ya Ujerumani, Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle (DW), ambayo imekuwa hewani tangu 1963. Kila jioni redio ya betri, antena imefungwa waya wa sufuria. Nikafikiri: shirika hilohilo linatangaza kwa Kijerumani pia. Basi nikawa nasikiliza habari za dunia kwa Kiswahili kwanza, nikajua leo kuna uchaguzi wapi na mafuriko wapi, kisha ndipo nafungua Kijerumani. Habari niliyoijua kwa Kiswahili haikunitisha tena kwa Kijerumani. Nilikuwa nasikiliza jinsi inavyosemwa, maana kilichotokea nilikuwa nacho tayari. DW wana habari zinazosomwa polepole kwa ajili ya wanafunzi, pamoja na maandishi yake. Anzia hapo, lakini usistarehe hapo, kwa sababu kwenye mtihani hakuna atakayekusomea polepole. Baada ya mwezi hamia kwenye mahojiano ya redio, watu wawili wanaokatizana.

La pili ni imla. Ndiyo, imla ile ile ya darasa la nne, mwalimu anasoma na ninyi mnaandika, anayekosa anasimama. Chukua dakika moja ya habari. Moja tu. Sikiliza mara ya kwanza bila kushika kalamu. Kisha rudia, ukisimamisha kila sentensi, uandike kila neno, hata yale usiyoyaelewa, yaandike yanavyosikika. Rudia mara tano, sita. Ukikwama acha pengo. Mwisho toa maandishi halisi na kalamu nyekundu. Dakika yangu ya kwanza ilinichukua dakika 40, na daftari lilikuwa jekundu kama soko la nyanya. Lakini tazama makosa yako yanakaa wapi! Mimi sikuwa nakosa maneno makubwa kama "Bundesverfassungsgericht", Mahakama ya Katiba, hayo yanasikika kama lori linalopanda mlima. Nilikuwa nakosa vijineno: "den" na "dem", "nicht" ya kukanusha iliyomezwa, "ab" iliyotupwa mwisho wa sentensi na kubadili kitenzi kizima. "Lehnt" ni anaegemeza, "lehnt ab" ni anakataa. Hakuna mwalimu angeweza kuniambia hayo. Daftari liliniambia.

Mara moja kwa wiki nilikwenda kufanyia imla penye kelele. Nilikaa kwenye kibanda cha chai karibu na soko la Kibuye, mitumba inanadiwa upande huu na bodaboda wanapiga honi upande ule. Ukumbi wa mtihani huwa kimya, ndiyo, lakini kuna mtu atakohoa, kuna kiti kitalia, na sauti yenyewe huenda ikatoka kwenye spika ya ukutani badala ya masikioni mwako. Aliyezoea Kibuye hababaiki kwa kikohozi.

Na ni katika daftari hilohilo ndipo nilipoanzia kuandika. Sikununua daftari jingine. Siku ya pili nilifunika ile imla na kuandika habari ile ile kwa sentensi zangu, fupi zaidi. Wale wa KCSE mnaikumbuka karatasi ya pili, swali la ufupisho: fupisha aya hizi kwa maneno kadhaa bila kupoteza maana. Mlilichukia, najua, nimesahihisha chuki hiyo kwa miaka. Lakini lilikuwa linawafundisha kazi hii hasa. Sentensi niliyoisikia jana kwa sikio leo inatoka kwa mkono, na kitenzi chake kiko mahali pake, kwa sababu niliandika imla yake mara sita.

Sasa niseme juu ya ugonjwa tuliowaambukiza sisi walimu wa insha. Nakiri kwa niaba ya wenzangu. Tuliwafundisha kwamba insha nzuri inaanza na jua linalochomoza kwa madaha, ndege wanalia, na wahenga hawakukosea waliponena. Mkaja na tabia hiyo kwenye Kijerumani. Mkanunua orodha za vifungu vya kukariri. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea mchango wa maneno 240, na kati yake nilihesabu 90 ya kukariri: "In der heutigen Zeit spielt das Thema eine immer wichtigere Rolle" (siku hizi mada hii inazidi kuwa muhimu), "Es gibt viele Vor- und Nachteile" (kuna faida na hasara nyingi), "Zusammenfassend lässt sich sagen" (kwa muhtasari tunaweza kusema). Mada ilikuwa juu ya kazi za nyumbani kwa wanafunzi. Ungeweza kutoa mada hiyo ukaweka kilimo cha mahindi na hakuna ambacho kingebadilika. Nikamwambia, mwanangu, hii ni kanga, mtu yeyote anaweza kuivaa. Msahihishaji amekwisha kuiona kanga hiyo asubuhi hiyo mara ishirini.

Wanachosahihisha ni vitu vinne: umejibu ulichoulizwa, mawazo yanashikana, msamiati, na miundo ya sarufi. Cha kwanza ndicho mlango. Kazi inakuja na hoja kadhaa ulizotakiwa kuzigusa. Gusa zote. Ukiruka moja kwa sababu umenogewa na nyingine, Kijerumani chako kitamu hakitakuokoa. Mimi nilikuwa naziandika pembeni na kuzikata moja moja, kama mama anayekwenda sokoni na orodha. Na maneno 230 ni 230. Anayeandika 350 anaongeza nafasi ya kukosea, na hakuna anayempa zawadi kwa wingi.

Kuna mambo ya sarufi ambayo nitayataja mbio kwa sababu mnayajua na bado mnayakosea. Ukianza na "deshalb", yaani "kwa hiyo", kitenzi kinafuata papo hapo: "Deshalb habe ich", kamwe si "Deshalb ich habe". Hilo kosa peke yake linakuvua C1 hadharani.

Jambo tamu zaidi ni hili. C1 inataka mtindo wa kugeuza vitenzi kuwa nomino. B1 anaandika "Weil die Mieten steigen, ziehen viele Familien weg", kwa sababu kodi zinapanda, familia nyingi zinahama. C1 anaandika "Aufgrund des Anstiegs der Mieten ziehen viele Familien weg", kutokana na kupanda kwa kodi. Wanafunzi wanalia kwamba ni mgumu. Mgumu wapi? Fungueni gazeti lolote la Kiswahili. Halisemi "kwa sababu bei ya unga imepanda". Linasema "kutokana na kupanda kwa bei ya unga". Kile kiambishi "ku", tunakigeuzia kitenzi chochote duniani: kupanda kwa bei, kuchelewa kwa mvua, kujiuzulu kwa waziri. Mmesikia mtindo huo kwenye taarifa ya habari tangu utotoni. Ukitaka kuandika sentensi ya C1, ifikirie kwanza jinsi msomaji habari wa saa moja jioni angeisema. Lakini usiipakie kila sentensi. Mbili, tatu katika aya zinatosha, nyingine ziache zitembee kwa miguu yao.

Ujumbe rasmi una adabu yake, na ni adabu tofauti na yetu. Sisi barua inaanza na salamu, natumai u mzima wa afya, sisi huku hatujambo, kisha ndipo shida. Mjerumani anataka shida katika sentensi ya kwanza. "Sehr geehrte Damen und Herren" (waheshimiwa mabibi na mabwana), koma, mstari mpya unaanza kwa herufi ndogo, na moja kwa moja kwenye jambo. Mwisho "Mit freundlichen Grüßen" (kwa salamu za kirafiki), bila koma. Je, heshima imekwenda wapi? Imo ndani ya kitenzi. "Ich wäre Ihnen dankbar, wenn Sie mir antworten könnten", ningeshukuru kama ungeweza kunijibu. Ni "nge" yetu! Mtu mwenye adabu dukani hasemi "nataka sukari", anasema "ningeomba sukari". Lugha zote mbili zinakwepa kumsukuma mtu kwa kujifanya jambo halijawa la kweli. Unayo adabu hiyo tayari, ihamishe tu.

Na kama utaandikia kwenye kompyuta, uliza mapema kibodi ni ya namna gani. Kwenye kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana viti. Nimemwona mtu mzima akiandika "Yeit" na "Zoga" badala ya "Zeit" na "Yoga" kwa robo saa bila kujua.

Naona Mwenyekiti anatazama saa, na mama wa chai ameshaleta birika. Hamtakunywa bado. Toeni madaftari. Ndiyo, sasa hivi, hata wazazi. Nitasoma sentensi moja, mara moja tu, kwa mwendo wa redio. Simu chini. Wa nyuma, mnanisikia? Haya.

"Der Stadtrat will den Radverkehr, den viele Geschäftsleute bisher eher gefürchtet haben, künftig mit fünfundsechzigtausend Euro im Jahr..."

Wewe wa dirishani, mbona umeweka kalamu chini? Kitenzi bado hakijaja.